Watoto Wetu Wataka Kazi Gani?

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya halmashauri ya tawi katika mkutano wa wanachama, Sondu. Wengi waliokuwa zamu siku ile wameomba kuisoma, nasi twaipiga chapa hapa kama ilivyosomwa.)

Bwana Mwenyekiti, ndugu wanachama, akina mama, na ninyi vijana mliosimama mlangoni kwa kuwa viti vimekwisha:

Leo hatukuja kusema habari za mishahara. Mishahara ina mkutano wake na siku yake. Twataka kusema juu ya jambo ambalo chama chetu hakikuwa na desturi ya kulisema, tukidhani ni la nyumbani kwa kila mtu, yaani watoto wetu na kazi wanazozitamani.

Siku ile ya jamaa za wanachama, halmashauri iliwapa watoto waliofika, wale wa miaka 12 mpaka 18, kipande cha karatasi na kalamu. Waliambiwa waandike kazi wanayoitaka watakapokuwa watu wazima, wala wasiandike majina yao. Jioni tuliketi kuzisoma. Walikuwamo wachezaji mpira wa Ulaya, waimbaji, wachekeshaji, wanamitindo, na watu wa TikTok. Walikuwamo madaktari na marubani, kama ilivyo siku zote. Mmoja aliandika neno moja tu, "kujulikana", wala hakusema kujulikana kwa lipi. Lakini jambo moja tulilitafuta mpaka mwisho wa fungu lile tusilipate: hapana mtoto aliyeandika kazi ya baba yake wala ya mama yake. Hapana fundi wa kuchomelea vyuma, hapana dereva, hapana mchuma chai, hapana mwuza samaki, hapana karani. Mmoja aliandika, kwa mwandiko mzuri kabisa, "Kazi yoyote isipokuwa ya mama."

Mama huyo yumkini ameketi hapa. Hatumjui, maana karatasi hazina majina, na kila mama aliye katika halmashauri alidhani ni yake.

Jibu la haraka ni kuilaumu simu. Mzee mmoja wetu alisema jioni ile kwamba dunia imeharibika. Twamheshimu sana, lakini tulimkumbusha gitaa lake. Miaka ya sitini, muziki wa benga ulipokuwa ukizaliwa katika nchi hii ya ziwa, vijana wengi wa pwani hii waliacha majembe wakatafuta nyuzi na mbao. D. O. Misiani alikuja kutoka Shirati, upande wa Tanzania, akapata jina kubwa nchini Kenya, akalishika mpaka alipofariki kwa ajali ya barabarani mjini Kisumu mwaka wa 2006. Nani katika wazee wetu hakutaka kuwa Misiani? Na wale wasiotaka kuwa Misiani walitaka kuwa Tom Mboya, wakavaa suti kama zake na kujaribu Kiingereza kama chake, hata kama hapakuwa na mtu wa kuwajibu.

Kwa hiyo kutamani nyota si ugonjwa mpya. Lakini tazameni tofauti. Kijana wa wakati ule aliyetaka kuwa Mboya aliweza kuhesabu ngazi alizopanda. Mboya alizaliwa mwaka wa 1930 katika shamba la katani, Kilima Mbogo, ambako baba yake alikuwa mfanyakazi. Alijifunza ukaguzi wa afya, akaajiriwa na halmashauri ya mji wa Nairobi, akaona kwamba Mwafrika hulipwa kidogo kwa kazi ile ile, akawakusanya wenzake katika chama. Mwaka wa 1953, akiwa kijana wa miaka 23, alikuwa katibu mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi. Ndege ya wanafunzi 81 ilipokwenda Marekani mwaka wa 1959, kila mtu alijua ni nani aliyehangaika na ni kwa njia gani. Sifa zilifuata kazi, na kazi yenyewe ilionekana.

Hata Gor Mahia ilipolichukua Kombe la Washindi la Afrika mwaka wa 1987, vijana walitaka kuwa Peter Dawo, lakini wachezaji wale tuliwaona njiani, tukajua wanakula nini na wanapanga nyumba wapi. Hii leo nyota huonekana kila saa, kitandani na chooni, lakini ngazi haionekani. Mtoto huona gari, haoni mkataba. Huona nyumba, wala hajui kama ni ya kukodi kwa siku moja ya kupigia picha.

Wala si watoto wa Sondu peke yao. Mwaka wa 2019, dunia ilipokumbuka miaka 50 tangu mtu kukanyaga mwezini, kampuni ya LEGO iliwaulizisha watoto 3,000 wa Marekani, Uingereza na China, wa miaka 8 mpaka 12. Katika Marekani na Uingereza kama 3 kati ya kila 10 walisema watakuwa watu wa YouTube, na hiyo ikawa kazi ya kwanza mbele ya mwalimu na mwanaanga. Katika China zaidi ya nusu walitaka kwenda angani. Mtoto wa China hakuzaliwa na moyo tofauti. Ameonyeshwa kitu tofauti, basi.

Sasa tufanye kama tunavyofanya tajiri anapotuletea hesabu: tuifungue, tuisome mstari kwa mstari.

Watoto wa kike wengi walimtaja Lupita Nyong'o, na kwa haki, maana ni damu ya Kisumu. Usiku wa tarehe 2 Machi 2014 alipewa Oscar kwa sinema ya watumwa. Usiku huo kila mtu aliuona. Lakini kabla yake alifanya kazi ya kutumwa huku na huku katika upigaji wa sinema iliyotengenezwa Kenya, akaigiza katika mchezo wa Shuga mwaka wa 2009, akasoma chuo kikuu Marekani, kisha akasoma tena kazi ya uigizaji huko Yale mpaka mwaka wa 2012. Na tuseme kweli yote: baba yake, Profesa Anyang' Nyong'o, alikuwa mwalimu wa chuo kikuu na waziri kabla ya kuwa Gavana wa Kisumu mwaka wa 2017. Hatusemi hivi kwa kumpunguzia binti sifa. Juhudi yake ni yake. Twasema ili binti wa mchuma chai asijilaumu akikuta ngazi yake ina vidato vichache zaidi.

Wavulana wakamtaja Divock Origi na Victor Wanyama. Katika fainali ya Ulaya ya tarehe 1 Juni 2019, Origi aliifungia Liverpool bao la pili, na Wanyama alikuwa katika benchi la Tottenham siku hiyo hiyo. Tulishangilia sana katika vibanda vya hapa stendi. Lakini Origi amezaliwa Ubelgiji, ambako baba yake, Mike Okoth, alikuwa akicheza mpira kwa mshahara, na tangu utoto alilelewa katika shule za mpira za vilabu vya huko. Katika taifa la watu karibu milioni 50, siku hiyo walikuwa hao wawili, mmoja uwanjani kwa jezi ya Liverpool na mmoja ameketi.

Tukaja kwenye simu yenyewe, na hapa tulikawia, kwa sababu ndipo watoto wanapokawia. Wanasema: ona Azziad Nasenya, mwaka wa 2020 alicheza ngoma kwa sekunde chache katika TikTok, kwa wimbo wa Femi One na Mejja, na nchi nzima ikamjua. Ni kweli. Lakini fedha hutoka wapi? YouTube ina kanuni yake: hulipwi fungu la matangazo ya biashara mpaka uwe na watu 1,000 waliojiandikisha kwako, na video zako za kawaida ziwe zimetazamwa saa 4,000 katika miezi 12. Katibu wetu alichukua kalamu. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Mtu akikutazama dakika tatu, sharti utazamwe mara 80,000. Ndipo mlango unafunguliwa; hujalipwa bado. Vijana waliokuwa pale walinyamaza, kisha mmoja akauliza, "Na mzee, kuchuma chai kilo ngapi ndiyo mshahara wa mwalimu?" Hatukumkemea. Swali lake lilikuwa zuri kuliko hesabu yetu, na tutalirudia.

Kwanza lakini tusimulie habari ya mwenzetu, ambaye ameturuhusu bila kumtaja jina. Mwaka jana alikuja ofisini na karatasi imekunjwa mfukoni. Binti yake ana miaka 16 na anaimba, anaimba kweli, tumemsikia kanisani. Mtu mmoja mwenye studio alimwambia baba kwamba atamfanya mtoto kuwa nyota, akataka shilingi 15,000 za kuanzia. Baba alizikopa. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, kurasa tatu. Tulipoisoma tuliona kwamba nyimbo zote za binti, zilizotungwa na zitakazotungwa kwa miaka saba, ni mali ya studio; kwamba atalipwa baada ya "gharama" kutolewa, na gharama hizo hazikutajwa ni nini wala ni kiasi gani; na hapakuwa na kifungu cha kutoka. Ndugu zangu, kama tajiri angetuletea karatasi kama hiyo tungeweka vyombo chini kabla ya chai ya saa nne. Lakini mwenzetu, mwanachama wa miaka mingi, aliyesimama katika mkutano huu akatufundisha maana ya mkataba, aliitia sahihi. Tulimwuliza kwa nini. Alisema hakuona kama ni kazi. Alidhani ni bahati, na bahati haisomwi.

Kwa sheria ya nchi yetu mtu mzima ni wa miaka 18. Tuliandika barua mbili, na baada ya ile ya pili karatasi ilirudishwa. Shilingi 15,000 hazikurudi. Binti hakusema na baba yake majuma mengi, wala si kwa sababu alitia sahihi, ni kwa sababu alikwenda kuifuta. Bado anaimba. Baba bado analipa mkopo.

Basi hilo ndilo tulilotaka kuwaambieni. Tumeziacha kazi hizi za sifa nje ya hesabu ya kazi, kana kwamba ni mvua, na kwa hiyo watoto wetu huingia humo bila silaha hata moja katika zile tulizozipata kwa jasho. Muziki ni kazi. Mpira ni kazi. Kuchekesha watu ni kazi. Ina tajiri, ina saa, ina ujira, ina udanganyifu, na ina vyama. Mwaka wa 2019 wanamuziki wa Kenya walilalamika hadharani kwamba mgao wao wa haki za nyimbo ulikuwa shilingi 2,500 na kidogo. Majina mnayoyacheza harusini yalilia kama vibarua. Serikali nayo haikuona kazi hii kuwa mchezo: sheria ya fedha ya mwaka wa 2023 iliweka kodi ya asilimia 5 katika mapato ya wanaotengeneza vitu vya mitandaoni, baada ya kutaka asilimia 15. Mwaka huo huo waigizaji wa sinema wa Marekani waligoma siku 118, na watu ambao watoto wetu hubandika picha zao ukutani walitembea barabarani wakishika mabango, kama sisi. Waligombea ujira, na wakagombea pia sura zao zisitumiwe na mashine bila idhini.

Na hapa Nairobi, tarehe 1 Mei 2023, sikukuu yetu wenyewe, wafanyakazi zaidi ya 150 walipiga kura kuunda chama. Hao ni vijana waliokuwa wakiajiriwa kuangalia picha na maneno mabaya yanayopelekwa Facebook na TikTok, ili yaondolewe kabla mtoto wako hajayaona. Siku nzima hutazama mauaji na mambo ya aibu, na wengi walisema wameharibika akili kwa ajili hiyo. Mtoto aliyeandika "TikTok" katika karatasi yake hajui kwamba hiyo pia ni kazi ya TikTok, na kwamba iko karibu naye kuliko ile nyingine.

Sasa turudi kwa kijana aliyeuliza juu ya kilo za chai. Watoto si wajinga. Wanatutazama. Mama hurudi kutoka Kericho mgongo umempinda, na malipo yake ni kwa kilo. Mwezi wa Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto huko Kericho kwa hasira ya watu walioona mikono yao haitakiwi tena. Mtoto aliziona habari hizo katika simu ile ile. Tukimwambia "iache TikTok, ushike kazi ya maana", atauliza ni ipi, na tumemjibu nini? Katika nyumba zetu nyingi kazi hutajwa saa ya kumlaani msimamizi na saa ya mshahara kuchelewa. Ujuzi wenyewe hatuutaji. Tunamficha mtoto kile tulicho nacho, kisha twashangaa akichukua cha mtu mwingine.

Tutoe mfano mmoja ulio mlangoni. Mto huu wa Sondu Miriu unatoa umeme. Kituo cha Sondu Miriu ni cha megawati 60, na maji yakitoka hapo hupita Sang'oro yakatoa megawati 21 nyingine. Maji hupelekwa kwa handaki la zaidi ya kilomita 6 lililochimbwa ndani ya mwamba. Baadhi ya ninyi mlioketi hapa mlikuwa vibarua katika ujenzi ule. Mlibeba mawe, mlifunga nondo, mliona mtu akipima mstari wa handaki kutoka pande mbili mpaka zikakutana. Ni nani kati yenu amempeleka mtoto wake kutazama? Umeme unaoingia katika simu anayotazamia nyota umepita katika mikono ya baba yake, na mtoto hajaambiwa. Mmoja wetu alikiri kwamba mwanawe alidhani kituo kile kilijengwa na Wajapani peke yao. Wajapani walikopesha fedha. Nondo tulifunga sisi.

Jambo hili lina haraka, maana serikali imebadilisha masomo. Januari 2026 watoto wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na kila mmoja alipaswa kuwa katika njia moja kati ya tatu: Sayansi pamoja na ufundi na hesabu, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Mtoto wa miaka 14 au 15 anachagua, na nyuma yake wanasukuma nyota wa simu upande mmoja na baba mwenye fimbo upande mwingine. Tumesikia wazazi, hata wanachama, wakiapa kwamba mtoto wao hatatia mguu katika Sanaa na Michezo kwa kuwa ni njia ya wavivu. Tumesikia pia watoto walioichagua kwa sababu ya mwimbaji mmoja. Halmashauri haiungi mkono upande wowote wa hizi mbili.

Tazameni matanga ya upande huu, Ijumaa na Jumamosi. Mwenye spika analipwa. Mwenye jenereta analipwa. Mpiga picha na video analipwa, maana jamaa walioko Nairobi na Ulaya wataka kuona. Mchapaji wa vitabu vya ibada ya mazishi analipwa, mshona sare analipwa, mwenye mahema na viti analipwa, na mpiga kinanda analipwa mwisho, kama fedha zimebaki. Hao wote ni watu wa sanaa kwa namna fulani, wanakula, wanasomesha, wala hakuna hata mmoja aliyewekwa ukutani. Kijana anayependa muziki aweza kujifunza vyombo vya sauti katika chuo cha ufundi huku akiimba. Anayependa mpira aweza kuwa mwamuzi, au mganga wa viungo. Lakini nani atamwambia, kama sisi wenyewe twajua kazi mbili tu katika muziki, ya mwimbaji na ya mlevi?

Kuna mwenzetu wa ng'ambo ya daraja aliyesema kwamba halmashauri inaingilia malezi ya watu. Tumelifikiri neno lake. Twasema hivi: hatutamchagulia mtoto wa mtu. Tutamwonyesha kazi na kumfundisha maswali manne ambayo kila mwanachama huuliza: Nani analipa? Analipa lini? Karatasi yasema nini? Nikitaka kutoka, natokaje? Akishayauliza hayo na bado ataka kuimba, na aimbe. Karatasi yake ailete ofisini tuisome.

Basi halmashauri imeamua hivi. Jumamosi ya pili ya kila mwezi, saa tatu asubuhi, wanachama watano watasimama mbele ya watoto na kusema kazi zao: walijifunza wapi, kwa muda gani, mshahara wa kwanza ulikuwa kiasi gani na wa sasa ni kiasi gani, na ni kitu gani katika kazi hiyo wanachokijua ambacho mtu mwingine hakijui. Kulalamika kunaruhusiwa, lakini mwishoni. Wa kwanza watakuwa fundi umeme, mwuguzi, dereva wa lori, mama mmoja mchuma chai, na mpiga gitaa wa hapa sokoni ambaye ameahidi kuleta daftari lake la mapato na matumizi ya miaka mitatu, lote, hata miezi ambayo hakuandika kitu. Tutawaomba pia wakubwa wa kituo cha umeme waturuhusu kupeleka watoto, na jibu lao litatangazwa.

Mama mchuma chai alipoombwa alikataa mara mbili. Alisema hana la kuwaambia watoto. Mara ya tatu alituuliza kama twajua jinsi ya kutambua kwa kidole, gizani, jani lililokomaa kupita kiasi. Hatukujua. Atakuja.

Wanaotaka kuandikisha watoto wao wamwone katibu baada ya mkutano. Hakuna ada. Watoto wa wasio wanachama wanakaribishwa, wa pande zote mbili za daraja, na Kiswahili ndicho kitakachotumika, kama sokoni. Zile karatasi za watoto tumezihifadhi ofisini ndani ya bahasha. Mzazi akitaka kuja kuzisoma, mlango uko wazi siku za kazi mpaka saa kumi na moja jioni, lakini asiulize ni ya nani.